Ada Ilipofutwa

Mwandishi wa kumbukumbu hii ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ya 1990 alizoea kuyaona madaftari ya mahudhurio yenye majina ya watoto yaliyokatwa kwa wino mwekundu. Wengi wa watoto hao hawakuwa wagonjwa wala watoro. Walikuwa wamerudishwa nyumbani wakafuate ada, wakabaki hukohuko.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliifungulia Tanzania njia ya elimu kwa wote, lakini miaka ya 1980 uchumi uliporomoka, madeni ya nje yakarundikana, na sera ya kuchangia gharama, iliyoendana na masharti ya wakopeshaji, ikairudisha ada. Kufikia mwaka 2000, katika kila watoto kumi wa umri wa shule, takriban wanne hawakuwa darasani.

Mbali na Tanzania, mwezi Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono mjini Birmingham, Uingereza, kuwataka viongozi wa nchi tajiri wafute madeni ya nchi maskini. Novemba 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni hayo. Mwaka huohuo serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilifuta ada ya shule za msingi.

Januari 2002 uandikishaji ulifurika! Mtoto wa miaka kumi na moja aliketi sakafuni pamoja na wa miaka saba. Waliochelewa zaidi walipokelewa na madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 8.3 mwaka 2007. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na walioumia zaidi ni wanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwa mwandishi huyu, jambo lililostahili sifa kuliko yote lilikuwa akaunti ya kamati ya shule. Chini ya MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, fedha za serikali, mkopo wa Benki ya Dunia na michango ya wahisani zilishuka hadi hapo, na kiasi kilichopokelewa kikatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mara nyingi ruzuku ilifika pungufu, lakini mzazi aliyefyatua tofali na kubeba mchanga aliweza kusimama mbele ya ubao na kuuliza saruji imekwenda wapi.

Waliohitimu darasa la saba walipozidi, kata zikajenga sekondari zao. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, safari hii kwa fedha zinazotumwa na Hazina kila mwezi.