Mama Alipouliza Kama Watu Wanahesabiwa

Likizo ya shule iliyopita tulikodi gari-nyumba kwa siku nne: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pemba. Tunaishi Glasgow. Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku, na wanangu wamezoea kunikuta nimelala. Nilitaka tukae pamoja chini ya paa moja, hata kama paa lenyewe lina magurudumu.

Tulichagua kisiwa cha Mull, magharibi ya Scotland. Kutoka mji wa Oban, feri ya magari huvuka hadi Craignure kwa dakika kama 50. Kosa langu lilikuwa moja: nilimwambia mama tunakwenda kisiwani, basi. Mwezi uliotangulia tulimpeleka Skye, kisiwa chenye daraja, naye akadhani visiwa vya huku vyote ni hivyo.

Bandarini tulipanga foleni na magari mengine. Meli ilipofungua mdomo na magari kuanza kuingia, mama alinishika mkono.

"Tunapanda hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nendeni. Mimi nitawasubiri hapa."

Binti yangu akauliza, "Bibi anaogopa nini?" Hatukuwahi kuwaambia. Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama usiku karibu na Nungwi, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Mdogo wake mama alikuwemo. Wakati huo nilikuwa Unguja nasomea diploma ya uuguzi, na mimi ndiye niliyempigia mama simu. Tangu hapo hajapanda chombo cha baharini. Akienda Unguja hupanda ndege, hata kwa nauli ya kukopa.

Kazini sipendi kumwambia mgonjwa "usiogope". Humweleza kitakachofanyika, hatua kwa hatua. Nikafanya hivyo. Nafasi ya gari hukatwa mapema kwa urefu wake, letu ni mita saba. Mtungi wa gesi unafungwa, breki ya mkono inavutwa, kisha sote tunapanda juu. Hakuna abiria anayebaki garini meli ikiwa safarini. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu:

"Watu wanahesabiwa?"

"Wanahesabiwa."

"Hata watoto wa mkononi?"

"Hata hao."

Akakaza mtandio wake. "Bismillahi. Twendeni."

Juu ukumbini hakukaa. Alitaka kwanza kuona majaketi ya kuokolea yalipo. Baharia mmoja alituonyesha kwa utaratibu, na njia ya kutokea pia, bila kumcheka. Ndipo mama akaketi, akawaita wajukuu, na kwa mara ya kwanza akawasimulia habari za mdogo wake: alivyokuwa akicheka kwa sauti hadi majirani wakasikia, na alivyotoka Pemba kwenda kula Idi kwa wifi yake. Wanangu Kiswahili chao ni cha kuokoteza, lakini siku ile hawakuniomba tafsiri. Tulipopita karibu na ngome ya Duart, iliyosimama juu ya mwamba, tukajua tumekaribia Craignure.

Barabara nyingi za Mull ni nyembamba, zinatosha gari moja, na kila baada ya kitambo pana sehemu iliyotanuliwa ya kupishana. Anayepishwa hupunga mkono. Mama alimpungia kila dereva. "Watu wa hapa wana salamu," alisema, "kama kwetu." Huko Tobermory alikaa mbele ya nyumba za rangi zinazotazama bandari, akisema angeweza kuishi hapo lau si baridi.

Wakati wa kurudi, mama alitutangulia kupanda ngazi za meli na kushika kiti cha dirishani. Mkono wake ulikuwa bado unatetemeka kidogo. Binti yangu aliushika mpaka Oban.

Ndugu zangu mnaowapokea wazazi huku, kabla ya kukata tiketi yoyote, waulizeni wanaogopa nini. Mimi nilikuwa najua, lakini kwa kuwa sisi wawili hatukuwahi kulizungumza, nilijifanya limekwisha.