Safari ya Lamu na Mgeni Asiyekunywa Maziwa

Barabara itokayo Mombasa hadi gati la Mokowe ina urefu wa zaidi ya kilomita 300, na msafiri anaweza kuipima kwa vyakula kuliko kuipima kwa mawe ya maili. Mtwapa kuna viazi vya karai na ukwaju wake. Kilifi wauza korosho hukimbilia madirisha ya basi. Malindi kuna halua. Ukishaupita huo mji, minazi hupungua, ardhi hutandazika, na harufu ya bahari huachia nafasi harufu ya vumbi na mifugo. Kwa wasafiri wengi hiyo ndiyo raha ya njia: kila kituo na chakula chake. Kwetu sisi safari hii ilikuwa na hesabu nyingine, kwa kuwa tulifuatana na dada yetu ambaye miezi 14 kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo.

Upasuaji huo haukuwa wa urembo. Uzito ulikuwa umemletea kisukari na shinikizo la damu, na magoti yalikuwa yameanza kukataa ngazi za nyumba yetu. Alhamdulillahi, sukari imeshuka, ngazi anazipanda, na nguo zake za zamani tumezigawa. Hata hivyo kuna kitu kilichoondoka pamoja na unene ambacho hatukukitia katika hesabu, nacho ni nafasi yake kwenye sinia. Kwa mwaka mzima hakuhudhuria karamu ya harusi. Alikuwa akifika wakati wa kupamba bibi arusi, na wali ukianza kupakuliwa huaga. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amekonda akaingiwa na maringo. Mwaliko wa harusi ya Lamu ulipotufikia, mama yetu mdogo alisema neno moja tu: kama dada hataweza kukaa na jamaa zake wa damu wakala pamoja, basi tutampoteza akiwa hai. Kwa ajili hiyo tukafunga safari.

Ni vyema tueleze kwanza kilichomo tumboni mwake, kwa sababu wengi huuliza nusu na kujijibu nusu. Madaktari walimtengenezea mfuko mdogo wa tumbo, kisha wakauunganisha na utumbo mwembamba mbele kidogo, hivyo chakula hukiruka kipande cha mwanzo cha utumbo. Chakula kinapopita njia hiyo fupi, hufika chini upesi. Sasa, maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi, na ili mwili uitumie ni lazima ivunjwe na kimeng'enya kinachotoka katika ukuta wa utumbo mwembamba. Kwa asili, watu wazima wengi duniani, wakiwemo wengi wa bara letu, wana uchache wa kimeng'enya hicho. Mtu anaweza kuishi na uchache huo bila kuutambua, akanywa chai yake ya maziwa kila asubuhi, kisha baada ya upasuaji ukajitokeza wazi: tumbo kujaa hewa, kunguruma, msokoto na kuharisha. Huu si mzio, ambao ni ugomvi wa kinga ya mwili na protini za maziwa na unaweza kuwa wa hatari kubwa zaidi. Hapa maziwa hayakuvunjwa tu, yakafika yasipotakiwa. Wapo wanaopata nafuu baada ya miezi, wakaweza mtindi kidogo. Dada yetu bado.

Hesabu ya pili ni sukari na mafuta. Vitu vitamu vikishuka kwa ghafla katika utumbo, maji ya mwili huvutwa kuvifuata. Moyo hupiga mbio, jasho humtoka mtu, kichwa huzunguka, naye hulazimika kulala. Kwa hiyo halua ya Malindi tuliinunua kwa ajili ya wenyeji wetu, naye akaibeba mapajani safari nzima bila kuifungua.

Garsen ndiko mahali pa kwanza palipotutia wasiwasi. Mji huu uko karibu na mto Tana, katika nchi ya Waorma wafugaji wa ng'ombe na Wapokomo wakulima wa kandokando ya mto. Hapa maziwa ni heshima. Katika mkahawa tulioshukia, chai ilikuwa imechemshwa pamoja na maziwa katika birika moja kubwa, na mwenye mkahawa alishangaa kuombwa chai ya rangi na mwanamke aliyechoka na safari. Dada hakusema kwamba hapendi maziwa, kwa kuwa kwa mfugaji neno hilo ni kama kumtukania mali yake. Alisema, "Maziwa yenu ni mema, mama, ila daktari ameniwekea mpaka." Mama yule aliinamisha kichwa, akachemsha maji upya, akatia tangawizi, wala hakuuliza tena. Chai ile dada aliinywa peke yake, nusu saa kabla ya kula yai lake la kuchemsha, maana tumbo dogo likijazwa maji halina nafasi ya chakula.

Kutoka Mokowe tulipanda boti. Lamu humpokea mgeni kwa safu ya nyumba nyeupe juu ya maji, punda wakishusha mawe na magunia gatini, na vichochoro ambavyo havijapata kujua gari. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa sababu ya majengo yake ya mawe ya matumbawe na kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake kwa mila zao. Tulipita Usita wa Mui, tukaiona ngome na uwanja wa Mkunguni mbele yake, tukashika njia ya Langoni tulikoandaliwa malazi.

Urithi tuliouhitaji zaidi, hata hivyo, ulikuwa jikoni. Alasiri ile ile tuliwakuta wasichana wawili wamekaa juu ya mbuzi, nazi zikikunwa kwa sauti ile ile tuliyolelewa nayo. Chicha ikatiwa maji, ikakamuliwa kwa kifumbu, tui la kwanza likawekwa kando, kisha la pili, kisha la tatu jepesi kama maji ya mchele. Mtu aliyekatazwa maziwa akiishi katika miji ya mbali hutafuta kopo la maziwa ya soya au ya lozi na kulilipia ghali. Sisi watu wa pwani bibi zetu walikuwa wakipika bila maziwa ya ng'ombe kabla maradhi haya hayajapewa jina. Samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, kunde, wali, vibibi: vyote hivyo vimesimama juu ya tui.

Lakini nazi nayo ina masharti yake, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, ni mafuta mengi, na tumbo lililopunguzwa linaweza kulikataa sawasawa na lilivyoyakataa maziwa. Tulimwomba mpishi achote sehemu ya dada kabla kasimile haijatiwa sufurianimu mote, samaki wake wachemkie katika tui la tatu pamoja na ndimu, bizari na nyanya. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Gilasi ya maziwa ya ng'ombe ya mililita 250 ina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu. Tui halikaribii kiasi hicho cha kalsiamu, na protini yake ni haba. Anayeacha maziwa akashika nazi peke yake atapata ladha na kukosa mifupa. Badala ya maziwa ni lazima awepo samaki, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mayai, kuku, choroko na kunde, pamoja na mboga za majani. Walioshughulikia tumbo lake walimtaka afikishe baina ya gramu 60 na 80 za protini kwa siku, na kwa hiyo katika sahani yake samaki hutangulia, mboga hufuata, na wali huja mwisho kama nafasi imebaki.

Vidonge navyo havikwepeki maisha yote: vitamini B12, madini ya chuma, vitamini D, na kalsiamu ya aina ya sitreti, ambayo haihitaji asidi nyingi ya tumbo ili iyeyuke. Chuma na kalsiamu huachanishwa kwa saa mbili au zaidi, kwani vikikutana hugombania mlango mmoja. Na wasomaji wetu watakaonunua vidonge hivyo wamuulize muuza dawa ganda lake limetengenezwa kwa nini, kwa sababu jelatini nyingine hutokana na nguruwe. Vipo vyenye ganda la mimea, na vipo vya kutafuna visivyo na ganda kabisa.

Asubuhi ya pili tulipata kipimo kingine. Mkahawa mmoja ulituletea mahamri ya moto, na dada akamega robo ya hamri moja, kwa kuwa mahamri ya kwetu hukandwa kwa tui na iliki. Saa moja baadaye tumbo likamsokota. Mpishi alipoulizwa alisema kwa uwazi kwamba siku hizi unga wake huukanda kwa maziwa ya unga, kwa vile huyafanya mahamri laini na humpunguzia kazi ya kukuna. Hakuna aliyekosa. Ni desturi imebadilika huku jina likibaki lile lile. Tangu hapo swali letu halikuwa tena "Kuna mahamri?" bali "Yamekandwa kwa nini?" Swali hilo hilo lafaa kwa tambi, kwa keki, kwa mchuzi mzito wa hotelini, na hasa kwa biriani, ambayo nyama yake hulazwa katika mtindi.

Na biriani ndiyo iliyopakuliwa siku ya harusi. Wanawake tuliketi watano watano kwenye kila sinia, na dada akakaa ubavuni mwa mwenyeji wetu, bibi wa makamo anayeheshimiwa na mtaa mzima. Dada alikula wali mtupu wa pembeni, tonge tatu, akaacha. Bibi akamtazama.

"Mwanangu, mbona wala kama ndege? Chakula chetu kimekukirihi?"

Tulidhani ataaga kama kawaida yake. Badala yake alijibu kwa sauti ambayo sinia zima lilisikia. "Hasha, mama. Nilipasuliwa tumbo kwa sababu ya maradhi. Sasa halibebi zaidi ya kikombe, na maziwa na mtindi hayanikai. Nimekuja kukaa nanyi, si kukataa chakula chenu."

Kimya kilipita. Kisha bibi akasema, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Ungetuambia tangu jana, tungekutilia wewe kwanza." Akamwita msichana, na baada ya muda mfupi kikaletwa kibakuli cha changu aliyechemshwa kwa tui jepesi. Dada alikula polepole, akitafuna kila tonge mpaka likalainika, na alipomaliza sinia letu bado lilikuwa halijaondolewa, kwa sababu bibi aliwazuia waondoaji hadi mgeni wake anyanyue mkono. Mwanamke mmoja wa upande wa pili alimfuata jioni na kumwuliza kwa faragha juu ya binti yake ambaye huumwa tumbo kila anywapo maziwa, naye tangu utotoni huambiwa ni mdeko. Walizungumza barazani hadi adhana ya Isha.

Tunaandika haya huku Ramadhani ikiwa si mbali na fikira zetu. Aliyefanyiwa upasuaji huu asianze kufunga kabla ya kumwuliza daktari wake, kisha mwanachuoni anayemwamini, kwa kuwa mwili wake hauwezi kunywa maji mengi kwa mkupuo mmoja na upungufu wa maji humdhuru haraka. Na wakati wa kufuturu, tende nyingi na sharubati vyaweza kumwangusha. Tende moja na maji ya kunywa kidogo kidogo humtosha, kisha supu, kisha samaki.

Kwa wenye nyumba tuna maombi matatu mepesi. Mpakulieni mgeni wa namna hii katika kibakuli kidogo, ili asionekane ameacha. Mwambieni kilichomo ndani ya sufuria bila kungoja aulize. Na neno la "ongeza kidogo tu" msimkariri zaidi ya mara moja, kwani tonge moja la kumridhisha mwenyeji laweza kumlaza usiku kucha. Nanyi mlio na matumbo yaliyobadilika, semeni mapema, tena kwa mpishi, maana ndiye mwenye mwiko.

Tuliondoka Lamu kwa boti ya asubuhi. Katika kapu la dada kulikuwa na nazi sita, dagaa wakavu waliofungwa kwa gazeti, na mwaliko wa harusi nyingine ya mwezi ujao, ambao ameshaujibu.