Kusubiri Kusini mwa Likoni

Kijana wa kidato cha tatu akishinda siku tatu bila usingizi, akawa anazungumza peke yake na kukiogopa chakula cha nyumbani, aghalabu jamaa zake wa Msambweni au Ukunda hawaulizi ni maradhi gani. Huuliza: ni nani aliyemtupia jini? Swali hilo si la ujinga kama baadhi ya wasomi wanavyodhani. Lugha yenyewe imelitia vinywani mwao, maana neno wazimu lina undugu na mzimu.

Basi huanzia kwa mganga. Huko hupokewa siku hiyo hiyo. Ngoma ya pepo hupigwa, kayamba likatikiswa, majirani wakakesha nao. Hospitali haina mkesha wa namna hiyo, na pengine ndiyo sababu mganga hutangulia. Majuma yakipita bila nafuu, mbuzi wamekwisha kuuzwa, ndipo hukumbukwa hospitali ya rufaa ya Msambweni. Kwa aliyezidiwa hutajwa Port Reitz, Mombasa, au Mathari ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910, takriban kilomita 500 kutoka nyumbani. Nani atamshika kijana asiyetulia katika feri iliyosheheni watu? Barabara ya Dongo Kundu inamwezesha msafiri kukiepuka kivuko, nauli haiepukiki.

Katika kusubiri huko mama haendi shamba wala sokoni. Huficha visu, hufunga mlango kwa nje, huwaambia majirani kwamba mwanawe ana homa. Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Huyu haulizwi lolote. Dada yake mdogo naye huacha kuleta wenzake nyumbani.

Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, kaunti zikatwikwa wajibu wa huduma hii. Hata hivyo, hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kijana aliyejaribu kujiua akaokolewa alihesabiwa mhalifu. Familia iliyomficha daktari jambo hilo haikuwa na hofu ya bure.

Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Neno sonona nalo limo zaidi katika mihadhara ya vyuo kuliko katika foleni ya zahanati. Muuguzi wa Lungalunga akimuuliza mama mwanawe ana nini, mama hutaja kichwa, homa na kukosa usingizi, na huenda akarudi nyumbani na dawa ya malaria.