Aliyeona ni Nani?

Ndugu msomaji, nchi yetu hii ya mpakani haina uhaba wa miujiza. Kaa nusu saa katika kibanda cha chai, upande wa Kenya au upande wa Uganda, nawe utasikia habari za marehemu aliyezikwa Jumamosi akaonekana Jumatano sokoni akinunua omena. Za abiria aliyepanda bodaboda njia ya Tororo, na dereva alipogeuka kudai nauli akakuta kiti kitupu. Za mzee anayefuga radi chunguni na kuituma kwa wadeni wake. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku kwetu, enzi za baiskeli zilizokuwa zikiwavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na sidhani kipo chombo kilichobeba hadithi nyingi kuliko hicho.

Sikusudii kuwacheka wanaosimulia mambo hayo. Wengi wao ni watu wakweli, na baadhi ni jamaa zangu. Nakusudia kukupa sababu za kusita kabla ya kuitikia, kwa kuwa mwishoni mwa simulizi nyingi za namna hii huwa pana jina la mtu, na mtu huyo ana nyumba, ana shamba, na usiku analala.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, kwa hiyo naomba niruhusiwe kuanzia kwenye sarufi. Sikiliza vitenzi vinavyotumika katika simulizi hizi. Marehemu “alionekana”. Sauti “ilisikika”. Mzee fulani “inasemekana” ana mambo yake. Hiyo ndiyo kauli ya kutendeka, na sifa yake kubwa ni kwamba haimdai mtenda. Sentensi inasimama imara, ina kiima na kiarifu, lakini shahidi hayumo ndani yake. Alionekana na nani? Ilisikika kwa nani? Anayesema ni nani, na yeye aliambiwa na nani? Nimewahi kuuliza maswali hayo kwa upole, nikifuata kisa kimoja kutoka mdomo hadi mdomo, na kwa kawaida safari huishia kwa shemeji wa mtu aliyehamia Jinja. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kisa kikikaa, nafsi hubadilika. Mwaka wa kwanza ni “jirani ya shemeji yangu”. Mwaka wa tatu ni “shemeji yangu”. Mwaka wa tano msimulizi anaapa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva. Sidai kwamba anadanganya. Kumbukumbu ya mwanadamu haihifadhi mambo kama kabati; kila tunaposimulia tunaandika upya, na tunachokiandika upya ndicho tunachokikumbuka kesho.

Nilipowapa wanafunzi insha ya “Kisa Nisichoweza Kukisahau”, nilipokea abiria wa kutoweka kutoka vijiji vinne tofauti, na kila mwandishi alisema kilitokea kwao. Huko Marekani, mtafiti wa fasihi simulizi, Jan Harold Brunvand, alichapisha kitabu mwaka 1981 kilichopewa jina kutokana na abiria huyohuyo, ambaye kule hupanda gari la mtu na kabla ya magari alipanda kigari cha farasi. Abiria mmoja hawezi kutoweka Malaba, Funyula na Chicago. Hadithi moja inaweza. Utaniambia, “Mwalimu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.” Naiheshimu methali hiyo katika habari za uchumba na za uhamisho wa walimu. Katika habari za radi imegharimu watu makao yao.

Na sasa tuzungumze radi yenyewe, maana hiyo ndiyo hoja inayonishughulisha zaidi. Huku kwetu kifo cha radi hakihesabiwi kuwa kifo cha hivihivi. Huulizwa mara moja: imetumwa na nani? Kisha hukumbukwa kwamba marehemu aligombana na mzee fulani juu ya mpaka wa shamba, na mzee akasema, “Wewe utaona.” Hoja huonekana imekamilika: tishio, kisha radi.

Lakini zingatia tunaishi wapi. Rekodi za hali ya hewa za mwaka 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyoutia mji huo katika vitabu vya maajabu ya dunia. Siku 251 katika 365 ni zaidi ya siku mbili katika kila tatu. Ziwa Victoria liko karibu, hewa yenye unyevu huvuma kutoka ziwani, jua la mchana huipandisha juu, na alasiri wingu jeusi linasimama. Katika nchi ya namna hii, mtu akikutishia Jumatatu, haifiki Alhamisi kabla ngurumo haijasikika. Tukigombana kama tunavyogombana, na radi ikipiga kama inavyopiga, lazima mara mojamoja vikutane. Isitoshe, hesabu yetu ina hila. Tunakumbuka tishio lililofuatwa na radi. Yale mamia ya matishio yaliyofuatwa na mvua nzuri na mavuno ya muhogo hayana msimulizi. Hakuna aliyewahi kuniita kando aninong’oneze: “Mwalimu, mzee yule alinitishia, na huu mwaka wa sita sijapatwa na lolote.”

Kuna swali zito zaidi, nami sitalikwepa: mbona radi ilimwacha huyu ikamchukua yule, nao walisimama pamoja chini ya mti? Radi ikipiga mti, nguvu yake hushuka ardhini na kusambaa kutoka kwenye shina, na hupungua kadiri inavyokwenda mbali. Aliyeegemea shina na aliyesimama hatua kumi hawakusimama pamoja, hata kama sisi tuliotazama kwa mbali tuliona hivyo. Hata upana wa kukanyaga una maana: miguu iliyoachana huruhusu umeme upande kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine, na ndiyo maana ng’ombe hufa wengi kwa pigo moja, maana miguu yao ya mbele iko mbali na ile ya nyuma. Mwezi Juni 2011 radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi wapatao 18 waliokuwa darasani. Ni mchawi gani angekuwa na ugomvi na watoto wengi kiasi hicho kwa siku moja? Baadaye shule hiyo ilifungiwa vyuma vya kuiongoza radi ardhini. Shaba haiulizi nani ameudhiana na nani, na hilo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko ushuhuda wa watu mia.

Najua wapo wanaosema “nimeona”, si “nimeambiwa”. Hao nawasikiliza kwa makini zaidi. Mmoja aliamka usiku akashindwa kuinua kidole, uzito umemkalia kifuani, na pembeni ya kitanda pamesimama kivuli. Namwamini kabisa. Hali hiyo inajulikana: ubongo umeamka kabla ya misuli kufunguliwa kutoka usingizini, na ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Kiswahili kiliipa jina la jinamizi zamani sana. Kisiwani Pemba, mwaka 1995, watu walitaja Popobawa, na wengi wakaamua kulala nje kwa makundi. Huko Newfoundland, Kanada, wanaokaliwa kifuani humtaja bibi kizee. Uzito ni uleule. Uso wa anayekalia hutolewa na kijiji.

Mfano mwingine upo katika kumbukumbu za sheria. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Fabiano Kinene, kutoka Uganda. Yeye na wenzake walimkuta mtu usiku akitambaa uchi uani, wakaamini anawaroga, wakamuua kikatili. Mahakama ilikubali kwamba walighadhabishwa, ikalipunguza kosa kutoka mauaji ya kukusudia. Sisi tunaoishi na habari za wakimbiaji wa usiku, ambao Wajaluo huwaita jajuok, tutaelewa hofu yao. Hata hivyo, jitenge kidogo na hofu hiyo uulize: waliona nini? Waliona mtu, uchi, usiku, anatambaa. Mlevi huweza kutambaa uchi, hata mgonjwa wa akili. Uchawi hawakuuona. Waliuongeza juu ya walichokiona, kwa kasi ambayo haikuwaachia nafasi ya kutambua kwamba wameuongeza.

Wala usidhani shaka ni mzigo ulioletwa na shule. Mtafiti Susan Reynolds Whyte, aliyeishi na Wanyole wa Butaleja, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 2005, aliandika mwaka 1997 kitabu kinachoonyesha jinsi watu hao wanavyoishi na mashaka. Ramli kwao haifungi mjadala: jibu lake hupimwa, na likishindwa hutafutwa lingine. Wazee wetu walijua kutilia shaka. Tunachokosa ni ujasiri wa kuendelea na shaka hiyo hadi mwisho.

Gharama ya kutouendeleza hulipwa na watoto pia. Degedege, ambayo wengi bado huihusisha na ndege au pepo, mara nyingi katika nchi yetu ni homa kali ya malaria iliyofika kichwani au iliyopandisha joto la mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2014 upuliziaji wa dawa majumbani ulianza wilayani humo, na kwa miaka kadhaa malaria ikapungua mno. Pepo wa kawaida hasikii dawa ya mbu.

Nirudi kwa yule mwenye jina. Si mbali na mto Malaba aliishi mjane ambaye simtaji. Radi iliua fahali wawili wa mkwewe chini ya mvule, na kabla ya jua kuchwa ilikuwa “inasemekana”. Katika kikao cha kijiji niliuliza ni nani aliyemwona akifanya lolote. Palipita kimya, kisha mzee mmoja akajibu kwamba mambo hayo hayaonekani kwa macho. Nikauliza: kama hayaonekani, tumeyajuaje? Sikujibiwa. Mjane hakupigwa, nami nawashukuru waliohudhuria kwa hilo, lakini mwezi uliofuata alihamia kwa bintiye ng’ambo ya mpaka, na shamba lake sasa linalimwa na shemeji yake. Mvule umepigwa tena mara mbili tangu aondoke.

Wengine hawakupata hata nafasi ya kuhama. Mwezi Mei 2008, katika nchi ya Kisii, watu 11 waliuawa kwa tuhuma za uchawi na nyumba zao zikachomwa. Wenyeji waliwaeleza waandishi wa habari kwamba lilipatikana daftari katika shule ya msingi, lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Daftari la shule! Mimi husahihisha madaftari kila juma, na najua ni mambo gani mtoto anaweza kuandika humo.

Basi fahamu sheria inasemaje. Nchini Kenya, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamwadhibu anayejifanya ana nguvu hizo, lakini pia inamwadhibu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa akipeleka madai yake kwa chifu, polisi au mtawala mwingine anayetambuliwa. Nchini Uganda, Salvatori Abuki alifungwa kwa kosa la uchawi na kuamriwa asikae kwake kwa miaka 10 baada ya kifungo. Mahakama ya Katiba mwaka 1997, kisha Mahakama ya Juu Zaidi mwaka 1999, ziliamua kwamba amri ya kumfukuza mtu makaoni mwake inakiuka Katiba. Ikiwa mahakama haina ruhusa hiyo, kikao cha chini ya mwembe kimeipata wapi?

Darasani kwangu, mwanafunzi anayetaka kusimulia muujiza huchora kwanza safu tatu: nilichokiona, nilichoambiwa, ninachokidhani. Safu ya kwanza huwa fupi sana. Ukiwa na kisa cha kwenu, cha Busia, Tororo au kwingineko, niandikie. Nitakisoma chote na kukujibu. Nakuomba tu ukipange katika safu hizo, na majina ya watu uyaache.