Swichi Tatu, Anwani Moja

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa 2012, ukimegwa Shinyanga pamoja na kipande cha Mwanza, ofisi za Bariadi zilijaa watu kabla ya kujaa vifaa. Ile niliyokuwa fundi wake wa mtandao ilikuwa na swichi mbili kwenye raki, kila moja na anwani yake na mipangilio yake. Nikiongeza mtandao wa wahasibu kwenye ya juu, sharti niuongeze na kwenye ya chini. Nikisahau, mtu akihamisha meza tu, kompyuta yake inapotea. Kati ya swichi hizo zilipita nyaya mbili, lakini mmoja ulizuiwa makusudi, data zisije zikazunguka bila kikomo. Ulikaa ukingoja mwenzake afe.

Kisha nikasoma juu ya StackWise, ambayo Cisco waliileta 2003: swichi hadi tisa zinafungwa kwa nyaya fupi nene upande wa nyuma, waya wa mwisho unarudi kwa ya kwanza, duara linakamilika. Zikiwaka zinachagua kiongozi mmoja. Yeye ndiye anayeshika mipangilio ya zote. Jioni niliyoziunga zile mbili, niliandika amri mara moja na poti 96 zikaitikia. Nilikaa pale hadi mlinzi akaja kunifungia mlango.

Ya tatu ilitoka ofisi nyingine, ikiwa imetumika. Niliiunga ikiwa inawaka, saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi.

“Fundi, mbona umetukatia?” mama mhasibu aliita. Mishahara ilikuwa mezani kwake.

Swichi zangu zote mbili zilijizima, zikawaka upya zikimtii mgeni. Kule alikotoka alipewa kipaumbele 15, cha juu kabisa. Zangu zilikuwa na 1 ya kiwandani, ambayo sikuwahi kuigusa. Viongozi wawili wakikutana, mwenye namba kubwa hubaki na mipangilio yake, wengine huichukua. Nakala niliyokuwa nayo kwenye kompyuta yangu ndiyo iliyoniokoa, saa tisa alasiri.

Usiku ule nilimkumbuka babu, kule Itilima, akifunga maksai wanne kwenye plau. Wa mbele walijulikana kabla nira haijaguswa, na ng'ombe mgeni hakuingizwa jembe likiwa ardhini.

Tangu hapo mgeni namfuta mipangilio, namuunga akiwa amezimwa, ndipo namwasha. Ya juu niliipa 15, ya pili 14. Seva nikaipa waya kwenye kila moja ya hizo mbili, nyaya zote zikihesabika kama njia moja, na safari hii hakuna uliozuiwa.

Usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza swichi ya juu. Asubuhi, waliochomekwa humo niliwahamishia poti nyingine. Mama mhasibu, ambaye waya wake ulikuwa kwenye ya tatu, alikuwa ameshachapa kurasa mbili.