Nani atasoma hesabu ya mchezo?

Mmezoea kunisoma katika habari za mafundisho. Leo nitasema habari ya michezo, tena nitaanza kwa kuwaungamia jambo langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita parokia yetu, huku Katanga, ilipokea mashindano ya mpira ya vijana wa dekania nzima: timu nane, siku tatu. Mimi niliwekwa kuwa mtunza feza, kwa sababu nilipita seminari, na watu hudhani kwamba mtu aliyesoma Kilatini hawezi kukosea katika kujumlisha. Tulichanga. Huyu alileta franka, huyu unga, huyu kuku. Mama mmoja mjane, jirani yangu, alileta debe zima la maharagwe. Basi wageni wakaja, wakala, wakacheza, na timu yetu ikapata nafasi ya pili. Tulinunua nguo mpya za wachezaji, tukakodi vyombo vya muziki pamoja na mashine ya umeme, tukapaka rangi nyeupe miti ya goli. Jumapili jioni kila mtu alikuwa na furaha, hata mimi.

Siku ya Jumatatu nikafungua sanduku. Feza tulizokuwa tumeweka kwa mabati ya shule ya watoto wadogo zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyeziiba. Zilikwisha tu: leo mafuta ya mashine, kesho nyama ya wageni, kesho kutwa gari la kuwarudisha. Yote niliyaandika katika daftari, lakini daftari lile sikulisoma mbele ya watu. Niliona haya. Yule mama akanijia nyumbani, akasema: «Mwalimu, maharagwe siyadai. Nataka kujua yaliishia wapi.» Nikamjibu kwamba mashindano yameletea parokia yetu heshima kubwa. Akaniangalia, akasema: «Ndiyo, mwanangu. Lakini mimi nimeuliza habari ya maharagwe.»

Neno lile lilinirudia mwaka 2023, wakati nchi yetu ilipopokea michezo ya tisa ya nchi zinazosema Kifaransa. Ilifanyika Kinshasa tangu 28 Julai mpaka 6 Agosti. Kabla ya kuja kwetu ilikuwa imepewa wengine. Mwanzoni ilipangwa kufanyika mwaka 2021 katika miji ya Moncton na Dieppe, jimbo la New Brunswick, Kanada. Watu wa kule walikuwa wamekadiria gharama ya dola milioni 17 za kwao. Walipopiga hesabu upya, wakaona inaweza kufika milioni 130. Mwanzo wa mwaka 2019 Serikali ya jimbo lile ikasema: hatuwezi, tunaacha. Wala hawakufa kwa haya.

Labda katika nchi ile wana sababu ya kuogopa. Mji wa Montreal ulipokea michezo ya Olimpiki mwaka 1976. Kiwanja chao kikubwa kilimaliziwa kulipwa mwaka 2006, na feza nyingi zilitoka katika kodi ya tumbako. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sherehe alikuwa mtu mzima wa miaka 30, na kila akiwasha sigara bado alikuwa akilipia mbio ambazo hakuziona.

Mzigo ule ambao watu wa New Brunswick waliuweka chini, sisi tukauinua. Mwaka uleule wa 2019 Kinshasa ikakubaliwa. Michezo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na wengi wakatabiri kwamba haitafanyika. Kumbe, ikafanyika. Sitaki kuzarau jambo hilo. Siku ya ufunguzi katika kiwanja cha Martyrs, mimi pia nilikaa mbele ya televisheni ya jirani, na nilipoona bendera yetu nilipiga makofi kama mtoto.

Halafu ikaja hesabu. Kamati ya kutengeneza michezo yenyewe ilitangaza dola za Kimarekani milioni 324. Nchi yetu ina watu kama milioni 100. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya dola 3 kwa kila mtu, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana, na yule anayelala chini ya turubai kwa sababu ya vita huku mashariki. Wenye magazeti wakauliza, watu mitaani wakauliza. Wengine wakajibu kwamba wanaouliza hawapendi nchi yao. Jibu hilo ninalijua vizuri, kwa maana ndilo nililompa mama wa maharagwe, ila mimi nililivika nguo ya heshima.

Wakubwa walijibu pia kwamba majengo yatabaki. Hapo kuna kweli. Majumba ya michezo yalijengwa penye kiwanja cha Tata Raphaël, na kiwanja chenyewe kikatengenezwa. Lakini angalieni safari ya kiwanja hicho. Kilifunguliwa mwaka 1952, wakati mji ukiitwa Léopoldville, nacho kikapewa jina la mfalme Baudouin. Padri Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji wa shirika la Scheut, ndiye aliyehangaika nacho, na vijana wa mji walimwita Tata Raphaël, yaani Baba Raphaël. Je, siku zile hesabu ilisomwa mbele ya weusi? Nani angetuuliza! Lakini padri yule alikuwa na vijana kabla ya kuwa na kiwanja. Alikuwa akiwachezesha tangu zamani, ndipo zege ikafuata.

Baadaye kiwanja kilekile kikaitwa 20 Mai, na alfajiri ya 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali akamwangusha George Foreman pale, katika raundi ya nane. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na Mobutu alitaka dunia nzima ijue jina la Zaire. Dunia ikalijua kweli. Saa za pigano zilipangwa ili Wamarekani waone vizuri kwao jioni, sisi tulikesha. Babu yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa migodi, alikesha karibu na redio, na mpaka alipokufa alikuwa akituonyesha kwa mikono jinsi Ali alivyoegemea kamba. Lakini mwaka uleule bei ya shaba ilikuwa imeanza kuanguka, na alipomaliza kutuonyesha ngumi alizoea kuongeza: «Zile tulizilipa kwa shaba.» Kisha alinyamaza, akatafuta tumbako yake.

Ali na Foreman walirudi kwao, na kiwanja kikazeeka. Mwaka 1994 kikafunguliwa kingine kikubwa zaidi, hicho cha Martyrs, na mwaka 2023 tukalipa tena kukitengeneza cha zamani. Ndiyo sababu neno «yatabaki» halinitoshi. Nataka kusikia nani ana ufunguo, nani analipa umeme, na kama kijana wa mtaa wa karibu anaruhusiwa kuingia siku ambayo hakuna mgeni.

Baada ya kufikiri hayo yote sikuweza tena kuliacha daftari langu sandukuni. Jumapili moja, baada ya Misa, nilimwomba Padri Paroko ruhusa, nikasimama, nikalisoma lote. Nilichukua karibu nusu saa. Nilipofika kwenye rangi ya miti ya goli watu walicheka, kwa sababu mvua ilikwisha kuiondoa. Nilipofika kwenye mabati hakuna aliyecheka. Niliposoma kwamba maharagwe ya mama yule yaliliwa siku ya pili na timu mbili zilizotoka mbali, yeye akaitika kutoka benchi lake: «Haya.»

Mwaka huu dekania imetuomba tupokee mashindano tena. Vijana wanataka sana, na mimi siwakatazi. Mabati bado hayajatimia, na darasa moja linavuja. Katika mkutano wa kwanza yule mama aliuliza nani atashika daftari. Wakanitazama. Nikasema ashike yeye. Akasema hajui kusoma, lakini mjukuu wake yuko darasa la sita.