Kuhama Mwalimu

Huku Mwanza mwanariadha hasemi "kocha wangu". Anasema "mwalimu". Kocha ni wa timu ya mpira: ana mshahara, na akifungwa mechi nne anafukuzwa. Mwalimu halipwi. Wangu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka sita alinifundisha mita 1500 kwa saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Viatu vyangu vya kwanza vya kukimbilia alininunulia yeye, vya mtumba. Mara mbili nauli ya kwenda kwenye mashindano ilitoka mfukoni mwake, na mkewe akakaa kimya. Mtu kama huyo unamwachaje?

Muda wangu ulikuwa umeganda. Misimu miwili nilizunguka pale pale, dakika 4 na sekunde 31, sekunde 32, halafu 31 tena. Mwalimu aliamini kasi tu. Asubuhi uwanja wa Kirumba, mita 400 mara kumi kwa nguvu zote. Jumamosi kupanda kilima cha Bugando mpaka mate yanakuwa na ladha ya chuma. Nilipokuwa na miaka 16 dawa hiyo iliniponya uvivu. Nilipofika 22 mwili ulikuwa unaomba kitu kingine: mbio ndefu, za taratibu, na siku za kupumzika. Nilimwambia. Alinijibu kwa jina moja: Nyambui.

Alilitaja jina hilo kama wengine wanavyotaja aya. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, upande wa Musoma, mwaka 1953, mtoto wa ziwa hili hili, na mwaka 1980 kule Moscow alichukua medali ya fedha ya mita 5000 nyuma ya Mwethiopia Miruts Yifter. Kwa mwalimu huo ulikuwa ushahidi kwamba ziwa na kilima vinatosha. Mimi nilikuwa nimesoma na upande wa pili. Kabla ya Moscow, Nyambui alikuwa ameshahamia Texas, kwenye chuo kikuu cha El Paso, na huko alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Sikumwambia. Si kila hoja nzuri hutolewa mbele ya mzee.

Miezi hiyo nilikuwa natazama kwenye simu mchezo usiotuhusu kabisa, ule wa kuteleza na kucheza juu ya barafu. (Barafu tunayoijua sisi ni ya kulazia sangara.) Kilichonishika ni benchi. Mchezaji akimaliza huketi na mwalimu wake kusubiri alama, kamera imewakodolea macho. Akihama, dunia nzima inaona nani ameketi hapo na nani hayupo. Kim Yuna wa Korea Kusini alishinda dhahabu Vancouver Februari 2010 akiwa na Brian Orser; Agosti mwaka huo huo wakaachana, na maneno yakatoka hadharani. Mwaka 2012 kijana wa Kijapani, Yuzuru Hanyu, alimwacha mwalimu wake Nanami Abe akaenda Toronto kwa Orser huyo huyo, akashinda dhahabu ya Olimpiki 2014 na 2018. Nilisoma habari zao nikitafuta jambo moja tu: siku ile, uso kwa uso, walisemaje? Nilizozipata zote ziliishia kwenye alama na medali.

Jibu lilikuwa Mwaloni, hatua chache kutoka uwanjani, ambako mama yangu anauza dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikua taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika, tajiri na wavuvi wake wanapiga hesabu. Anayetaka kuhama tajiri anahama hapo. Anayeondoka katikati ya giza, na deni mgongoni, huyo ametoroka, na sifa yake itamtangulia mwalo hadi mwalo.

"Giza lako limeisha?" mama aliniuliza.

Halikuwa limeisha, yalibaki mashindano ya taifa. Nilikimbia kwa mazoezi ya mwalimu bila kupunguza hata mzunguko mmoja. Dakika 4, sekunde 33. Nafasi ya tano.

Wiki iliyofuata tulikwenda nyumbani kwake Igoma, mimi na baba mdogo, na kilo tano za sukari. Baba mdogo alizungumzia mvua, akazungumzia mihogo, akashukuru kwa niaba ya ukoo mzima, ndipo akasema, "Sasa huyu binti anataka kwenda Arusha."

Mwalimu hakupandisha sauti. Aliuliza, "Huyo wa Arusha anajua goti lake la kushoto?"

"Hajui," nilisema.

Akanyamaza. Kisha, akinitazama mimi: "Na miaka sita nitarudishiwa na nani?"

Kwa tajiri kungekuwa na daftari: mafuta kiasi hiki, nyavu kiasi hiki. Sisi hatukuwa na daftari. "Hakuna wa kukurudishia, mwalimu," nilisema. "Hata nikibaki." Mkewe alileta chai. Tuliinywa yote.

Siku ya safari hakuja stendi. Basi lilipita Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, na kila liliposimama nilitazama simu.

Wiki ya tatu Arusha, simu ya kocha mpya iliita katikati ya mazoezi. Alitoka pembeni, akaongea karibu saa nzima akizunguka kama mzee anayepatana ng'ombe wa mahari, mara acheke, mara abishe, mara aandike kwenye kiganja. Aliporudi alikuwa amekata mazoezi yangu ya Jumanne nusu nzima.

"Mwalimu wako amesema usikimbie kona ukiwa umechoka," alisema. "Kwa nini hukuniambia una goti?"